Shingo Lete Kwangu

Mwalimu wangu wa kufuma alikuwa mchoyo. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu najijua. Nikianza na mikono yake, au na chai yake ya tangawizi, nitajikuta namsifu mpaka mwisho, na watu wa Tengeru wameshamsifu vya kutosha. Wao waendelee kumsifu. Mimi nina donge langu la miaka mingi na leo nataka kulitoa.

Tulimwita Mwalimu, basi. Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mumewe akimwita kutoka shambani aliita "Mwalimu!", na mchungaji akiwashukuru waliochangia kanisa alisema "Mwalimu wa sweta" na watu wote wakajua ni nani. Mbele ya darasa la shule hakuwahi kusimama hata siku moja. Alifundisha wanawake kufuma kwa mashine, katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, kwenye njia ya kupanda Nkoaranga, mahali ambapo migomba ya jirani iko chini ya miguu yako na mlima uko juu ya kichwa chako, siku ukiamua kuonekana.

Kwa asiyeijua, mashine ya kufumia ni kama benchi jembamba la chuma lenye sindano nyingi zilizolala kwa mstari. Juu yake unapitisha kitu tulichokiita gari, kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, na kila likipita linaacha mstari mmoja wa vitanzi vya uzi. Ukitaka nguo ipanuke unaongeza sindano, ukitaka ijibane unapunguza. Mlio wake ni kraa, kraa, na mchana kutwa chumba kile kililia hivyo mpaka usiku kichwani kwako kuliendelea kulia. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu, lakini ziling'aa. Alizipaka mafuta kwa unyoya wa kuku, na ole wako uingie na muwa mkononi.

Neno lake kubwa lilikuwa "fuata". Ukutani alikuwa amebandika karatasi za manila zilizochorwa viboksi, kila kiboksi kitanzi kimoja, na karatasi hizo aliziita ramani. Kulikuwa na ramani ya mgongo, ramani ya kifua, ramani ya mikono, kwa mtoto wa kutambaa, wa chekechea na wa shule ya msingi. Unasimama mbele ya ramani, unahesabu viboksi, unakwenda kwenye mashine, unafuata. Ukimaliza, sweta linatoka kama la mwenzako na kama la aliyemaliza mwaka jana. Wengi walifurahi na hilo. Mimi ndiye niliyekuwa na kiherehere.

Nilitaka kujua ramani inatoka wapi. Watoto hawafanani kama viboksi. Wangu mwenyewe alikuwa na mikono mirefu na kifua chembamba, na kila nilipomvalisha sweta la kwenye ramani alionekana amevaa la kuazima. Nilitaka nimwangalie mtoto, mtoto yeyote, nijue nianze na sindano ngapi. Hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka katika chumba kile. Nilikuwa nimejinunulia mashine yangu ya mitumba, ipo nyumbani imefunikwa shuka, na kibao cha "Mavazi ya Watoto" nimeshaandikiwa. Bila kujua kupanga ningebaki mfuataji tu, na wafuataji walikuwa wamejaa kuanzia Tengeru hadi Usa, mji wa jirani.

Aika, mwenzangu wa mashine ya pembeni, binti wa Kimachame mwenye duka la nyuzi sokoni, ndiye aliyethubutu kuuliza kwanza. "Mwalimu, kwa nini kwapani tunaanza kupunguza hapa na si pale juu?"

Mwalimu alilisimamisha gari lake katikati ya mstari, jambo ambalo alitukataza sisi kulifanya. "Aika, wewe ukipanda basi la Moshi, unamwuliza dereva kwa nini kona iko pale?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi fuata."

Tulicheka, na Aika alicheka pia, lakini niliona shingo ya Mwalimu imekakamaa hadi masikioni. Nilidhani ni hasira. Siku hizi nadhani ni kitu kingine, ila wacha nisijitangulie.

Haki yake nitampa. Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Alikuwa anaweza kuwa jikoni anageuza ugali, huku nyuma kitanzi kimoja kikadondoka kwenye sindano, na kabla mwenye mashine hajajua tungesikia sauti kutoka jikoni: "Kimeanguka! Mashine ya dirishani, kimeanguka!" Unaangalia, kweli kimeanguka. Hakukosea hata mara moja. Na kukirudisha alikirudisha kwa ncha ya sindano ya mkono, akiongea na wewe habari za bei ya mbolea, bila hata kuangalia anachofanya.

Na mkono wake haukuwa wa birika, hilo pia ni kweli, ndiyo maana uchoyo wake uliniuma zaidi. Alikuwa na kikapu cha soksi za watoto wachanga na blanketi ndogo za kufuma, na mara kwa mara alijitwika kikapu akapanda nacho hospitali, akapita kitanda hadi kitanda akiwauliza wazazi walichokuja nacho. Aliyejifungua bila kitu alipata. Hakuuliza dini wala kabila. Nimewahi kumsindikiza, nikamwona anamvika mtoto wa mama wa Kimaasai soksi miguuni huku mama mwenyewe analia, na Mwalimu anamkemea asilie, atamwambukiza mtoto huzuni. Nilirudi nyumbani siku ile nampenda. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba katika kikapu kile hapakuwa na kitu hata kimoja chenye shingo.

Maana shingo ndiyo ilikuwa mahali pa uchoyo wake. Ukutani palikuwa na ramani ya kila kitu isipokuwa shingo. Unafuma mgongo, unafuma kifua, ukifika juu, pale panapotakiwa kukatwa duara, unavihamishia vitanzi vyako kwenye uzi wa kushikizia na unasimama. "Shingo lete kwangu," anasema. Anakichukua kipande chako, anaingia nacho chumba cha ndani, anavuta pazia la maua, na siku nyingine anakirudisha kikiwa na shingo ya duara, safi, inayopita kichwani bila kuvuta nywele. Na haikuwa sisi wanafunzi tu. Waliomaliza zamani, wenye mashine zao na wateja wao, walikuwa wanapanda mlima na mafurushi yao ya masweta yasiyo na shingo, wanakaa kwenye benchi nje kama wagonjwa.

Wakati mwingine shingo ilichelewa. "Mashine imegoma," anasema, na wewe uko hapo hapo unasikia kwamba huko ndani hakuna mashine iliyolia. Hasa ukiwa umeleta saizi isiyo ya kawaida, mtoto mnene au mkubwa kidogo, hapo mashine ilikuwa inagoma hadi siku ya soko.

Siku moja mimi na Aika tulichungulia. Pazia lilikuwa limebaki wazi kidogo, tukamwona kwa upande, ameinamia kitu kidogo mezani, pini zenye vichwa vya rangi zimejaa mdomoni, na midomo inachezacheza.

"Anasali," Aika akanong'ona, tukarudi kwenye mashine zetu kwa adabu.

Kitu kingine kilichonichanganya ni mitumba. Hakuna mtu aliyeitukana mitumba kama yeye. Alisema ni nguo za marehemu, alisema ndiyo iliyoua kufuma, alisema mtoto akivaa sweta la mtumba anavaa jasho la mtoto wa watu. Halafu siku ya soko la Tengeru unamkuta amechuchumaa kwenye turubai, kwenye rundo la nguo za watoto, anageuza sweta moja baada ya jingine ndani nje, analivuta shingoni, analiachia, analivuta tena. Ukimsalimia anainuka haraka. "Naangalia adui anafanya nini," anasema. Watoto wake mwenyewe, walipokuwa wadogo, walivaa masweta ya mitumba matupu, na watu walicheka chinichini. Mimi nilimwona mnafiki, na niliamini simwonei.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Chekechea ya mtaani kwetu walitaka masweta ya shingo ya duara kabla baridi ya Juni haijaanza, na mama mwenye chekechea alikuja kwangu, si kwa Mwalimu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Na nikaapa: shingo sipeleki kwa mtu. Hizi nitazipanga mwenyewe, za watoto hawa hawa, kwa vipimo vyao. Kama ningefaulu, kibao changu kingepanda juu ya mlango. Kama ningeshindwa, ningerudi kwenye benchi la Mwalimu na furushi langu hadi nizeeke.

Watoto wale walikuwa wanapita uani kwa Mwalimu kila wakitoka chekechea, kwa sababu ndiyo njia. Nikawapanga pale, chini ya ukuta wake, nikawapima kwa futi ya kamba. Kifua nilipima kifuani. Mkono nilipima mkononi, kutoka begani hadi kwenye kifundo. Urefu nilipima urefu. Na shingo, kwa kuwa inaitwa shingo, nilipima shingoni. Nilizungusha futi kwenye kila kishingo chembamba, nikaacha nafasi ya kidole ili mtoto apumue, nikaandika. Nilijiona mjanja sana. Nilijua baridi ya Meru inaingilia shingoni, na za kwangu hazingeingiza upepo.

Mwalimu alitoka na kikombe chake, akakaa kwenye benchi la wateja wake, akaniangalia. Hakunywa chai ile. Aliniangalia mtoto hadi mtoto.

"Unapima nini hapo?" akauliza mwishowe.

"Shingo, Mwalimu."

Nilimtazama usoni, nikingoja aniambie niache, nilete kwake kama kawaida. Nilikuwa na jibu langu tayari, la adabu lakini kali.

"Pima vizuri," akasema.

Ni hayo tu. Maneno hayo mawili nimeyabeba miaka yote hii, nimeyageuza ndani nje kama yeye na masweta yake ya mitumba, na kila nilipoyageuza nilikuta kitu kile kile. Aliona. Alijua. Aliniacha.

Aliyewahi kumvalisha mtoto ameshajua kilichotokea. Masweta yalikuwa mazuri kuyaangalia, ya bluu iliyokolea, mistari imenyooka. Asubuhi ya kuyagawa kulikuwa na ukungu na wazazi wamejipanga na watoto wao wanatetemeka. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike mwenye mashavu. Mikono iliingia, kifua kikaingia, halafu sweta likafika juu ya masikio likagoma. Mama yake akavuta. Mtoto akapiga kelele humo ndani, "Mama, sioni! Mama, sioni!" Wakajaribu wa pili, akakwama kwenye paji la uso. Wa tatu alipoona wenzake alikimbia. Baba mmoja alilichukua sweta la mwanawe, akaingiza ngumi yake kwenye shingo, ikakataa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hili ni sweta la chupa." Ukungu wote ule na bado nilitoka jasho. Mama mmoja aliomba mkasi, akakata shingo mbele yangu, na vitanzi vikafumuka hadi kifuani.

Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Shingo. Wanawake wa sokoni wakiniona walivuta kola zao wakajifanya wanakohoa. Watoto wa chekechea, ambao ndio niliowatesa, waliniimbia nikipita. Masweta niliyafumua yote, uzi nikaurudisha kwenye mabonge, mashine nikaifunika tena shuka lake. Kibao kiligeuka mfuniko wa pipa la maji.

Mwalimu alikuja kunipa pole. Alileta mkungu wa ndizi mbivu, akakaa. Kulikuwa na sweta moja ambalo sikuwa nimelifumua, liko juu ya kiti. Akalichukua, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye shingo yake, polepole, akizunguka.

"Ulipima vizuri?" akauliza.

"Nilipima vizuri sana, Mwalimu." Meno yalikuwa yameumana.

"Mm." Akazungusha kidole tena. "Naweza kuondoka na hili?"

Nikamwambia aondoke nalo. Niliamini anakwenda kulitundika darasani, liwe funzo kwa wenye kiherehere. Ndizi zake sikula, nilimpa jirani, na tangu siku hiyo sikukanyaga tena kwake. Baadaye mumewe alifariki, nikaenda msibani kama watu, nikampa mkono bila kumtazama. Haukupita muda mrefu mwanawe, mfanyakazi wa serikali mwenye nyumba Njiro, akaja na gari akamhamisha. Mashine ziliuzwa moja moja. Chumba kile sasa kinafugiwa kuku.

Yaliyofuata kwangu hayana ajabu. Niliumia, nikachoka kuumia, nikafunua mashine. Binti yangu alipolala nilimpima shingo, nikampima kichwa, nikajicheka kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa naona kitu ambacho mtoto yeyote anayejivalisha anakijua. Sweta halianzii shingoni. Linapita kichwani kwanza, na shingo ya sweta ni kichwa. Neno ndilo lililonidanganya. Lakini nikiipanua hadi kichwa kipite, shingo ilibaki imelegea, na baridi ikaingia pale pale nilipotaka kuizuia. Nilifuma mabega mengi ya ovyo kabla sijafika: nikaliacha bega moja wazi, nikaweka vifungo. Unafungua, kichwa kinapita, unafunga, shingo inakaa. Nikajifunza pia kufuma kwanza kipande kidogo, kukifua, kukikausha, kukilaza mezani na kuhesabu ni vitanzi vingapi vinaenea upana wa vidole vyangu. Kutoka hapo unaweza kumpangia mtoto yeyote, mnene, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Nilichokuwa nakitaka katika chumba kile nilikipata peke yangu, nikiwa nimeshachekwa.

Wanawake waliokuwa wanampelekea Mwalimu shingo walianza kuja kwangu, na masweta yangu ya vifungo begani yakafika hadi masoko ya mjini. Kila aliyekuja nilimfundisha shingo siku ya kwanza, mlango wazi, pazia hakuna. Watu wakasema Mama Shingo ana moyo. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa namkomoa mtu aliyekuwa Njiro, ambaye hata hakuwa anajua kwamba anakomolewa.

Ni Aika aliyeniambia kwamba Mwalimu macho yanamwisha na kwamba huwa ananiulizia. Nilikataa mara nyingi. Juni hii nilikwenda, na sitasema nilikwenda kumjulia hali. Nilikwenda na swali langu, nimelinoa njia nzima.

Nyumba ya mwanawe ina ukuta mrefu na geti jeusi. Dada wa kazi alinifungulia, akanipeleka sebuleni. Mwalimu alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, kitenge kimezungushwa juu ya sweta, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti naijua, mwenyewe simwoni."

"Ni Mama Shingo," nikasema, kwa sababu nilitaka aanze kuumia mapema.

Akacheka, akapapasa kochi pembeni yake. "Karibu, binti. Kaa hapa penye mwanga. Mungu amekuleta, maana huyu dada hajui kuhesabu vitanzi."

Hapo ndipo nilipoangalia mapajani mwake. Kulikuwa na sweta la mtoto limegeuzwa ndani nje, na kuzunguka shingo yake amechomeka pini za vichwa vya rangi, nyingine zimekosea zimechoma kitenge.

"Mjukuu wangu ameanza shule," akasema. "Mama yake anataka kununua la dukani, nimekataa. Nitatafuta mtu mwenye mashine, nimwelekeze. Nimemtuma dada sokoni aniletee lenye shingo nzuri nilihesabu, lakini pini naziweka na sizioni. Nihesabie."

"Unahesabu shingo ya nguo ya watu, Mwalimu?"

"Kwani nilikuwa nahesabu ya nani siku zote?" Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayezungumza jambo ambalo wote tulikuwa tunalijua. "Mama wa misheni aliyeniachia mashine aliniachia ramani ya mgongo, ya kifua na ya mikono. Ya shingo alisema atanionyesha akirudi likizo. Hakurudi. Sasa ningefanyaje, nami nimeshaitwa Mwalimu?"

Niliona turubai la sokoni, na masweta yaliyogeuzwa. Niliona pazia la maua, na midomo inayochezacheza, na mashine inayogoma hadi siku ya soko. Lakini nilikuwa nimekuja na swali, na sikuwa tayari kulirudisha nyumbani.

"Siku ile napima watoto uani kwako," nikasema. "Uliniona napima shingo."

"Nilikuona."

"Mbona hukuniambia ni kichwa?"

Akageuza uso wake kunifuata sauti. "Ni kichwa?"

Nilimtazama usoni; hakuwa anatania.

"Ni kichwa," akarudia, taratibu, akijishika kichwa chake mwenyewe juu ya kitambaa. "Kumbe. Mimi nilikuona unapima kwa kujiamini vile, nikasema moyoni, huyu binti amegundua. Huyu anajua. Ngoja nimwangalie nijifunze. Nikaacha hata chai yangu."

"Ukaniambia nipime vizuri."

"Ee. Nilitaka utoke sawa, ili na mimi nipate." Akapapasa pini. "Lile ulilonipa nililihesabu sana. Sikuona kosa liko wapi."

Ningependa kusema donge liliyeyuka. Halikuyeyuka. Aliyeninyima kitu nilikuwa nimemchukia vizuri, miaka yote, na chuki ile ndiyo iliyonifunulia mashine na kunikalisha mbele yake kila asubuhi. Sasa nilikuwa nimekaa na mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na kitu cha kuninyima, na sikujua hasira yangu niipeleke wapi. Nilimkasirikia kwa kuogopa kusema "sijui". Nilimkasirikia yule mama wa misheni aliyekwenda likizo. Nikavuta sweta kutoka mapajani mwake ili mikono yangu ipate kazi.

Nikaligeuza upande wa nje. Lilikuwa la bluu iliyokolea. Bega la kushoto lilikuwa na vifungo.

"Hilo si la mtumba," Mwalimu akasema. "Nimelishika, ni uzi wa hapahapa. Na bega linafunguka, umeona? Sijawahi kukutana na kitu kama hicho sokoni. Aliyefuma hilo ana akili. Unamjua?"

"Namjua."

"Nani alimfundisha?"

Nililitazama bega lile nililolifuma mwenyewe, na pini za Mwalimu zilizopinda. Jibu la adabu nilikuwa nalo, na lingemfurahisha hadi kaburini.

"Hakufundishwa na mtu, Mwalimu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanitafuta goti akalipigapiga.

"Maskini," akasema. "Kama mimi."

Nikaanza kumhesabia kwa sauti, na midomo yake ikawa inanifuata, chinichini, kama tulivyoiona zamani nyuma ya pazia. Katikati ya shingo nilipotewa na hesabu, ikabidi nianze upya kutoka begani.